Bahari Isiyoonekana Kutoka Rusumo

Mwananchi wa Ngara akiambiwa habari za bahari huenda akacheka, maana toka Rusumo hata pwani ni karibu kilometa 1,000. Wala hatumlaumu. Lakini na akumbuke mwaka 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Watu walipaswa kupika, na miti mingi ya Ngara ikaishia mafigani. Moshi ule ulikwenda wapi?

Katika hewa ya ukaa itolewayo na kazi za binadamu duniani kote, bahari hunywa kama robo. Isingefanya hivyo, joto lingetuzidia. Lakini haiinywi bure: maji yake yazidi kuwa na asidi, nayo matumbawe na kombe hudhurika.

Zamani mambo hayo yalipimwa kwa merikebu tu. Siku hizi yako maboya yapatayo 4,000 yajiendeshayo yenyewe, yaitwayo Argo. Boya huzama meta 1,000, likachukuliwa na mkondo siku kadha wa kadha, kisha hushuka hata meta 2,000. Hapo husukuma mafuta yaliyo tumboni mwake yaingie katika mfuko wa nje. Mfuko ukivimba, boya hupanda, likipima joto na chumvi njiani, na kupeleka habari kwa setilaiti. Kila siku kumi hurudia. Yale yapimayo asidi na oksijeni pia ni machache zaidi.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipata hasara yake. Maharamia wa Somalia walipovuma, merikebu za uchunguzi ziliogopa kupita, hata ikabidi manowari za Marekani na Australia zisaidie kuyatia maboya majini. Hasara hiyo si ya mvuvi peke yake. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2019 katika Afrika ya Mashariki zilitokana sana na joto la bahari hii hii, na mkulima wa Biharamulo hupanda mahindi yake kwa kutazamia mvua.

Habari za maboya hayo hutolewa bure kwa mtu ye yote, nyingi katika muda wa siku moja. Basi twauliza: ni shule ngapi za sekondari za Ngara na Biharamulo zimekwisha kuzifungua?