Harusi Isiyo na Shangazi

Mkifika misheni ya Bagamoyo, msikimbilie makumbusho. Nendeni kwanza kwenye mbuyu. Inameni mlitazame shina lake kwa karibu, mtaona kipande cha mnyororo kimetokeza kwenye gome, pete chache tu. Zilizobaki zimemezwa na mti.

Watoto wengi wakiuona mnyororo ule hunyamaza. Wamesoma habari za utumwa shuleni, na mji wenyewe ni Bagamoyo, basi wanajua wanachokiona. Lakini mnyororo huu haukumfunga mtu. Pale misheni wanasimulia kuwa ulikuwa wa punda. Mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuja kuuguza wagonjwa misheni, alikuwa akimfunga punda wake hapo. Punda akaondoka, mnyororo ukasahauliwa, na mbuyu ukaendelea kunenepa.

Wanangu, fikirini jambo hili. Jina la yule mama tunalo. Hata punda wake tunamkumbuka, ingawa zaidi ya miaka 100 imepita. Lakini kulikuwa na watu wengine waliofanya kazi ya misheni hapa, wawili wawili, mume na mke, ambao wageni huondoka Bagamoyo bila kuwasikia. Hao ndio ninaotaka kuwasimulia leo.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakajenga kaskazini ya mji. Walikuja na watoto. Watoto hao walikuwa watumwa. Wengine mapadre waliwanunua kwa fedha sokoni Zanzibar, kwa sababu siku zile soko lile lilikuwa wazi na mtoto aliuzwa mchana kweupe kama unavyoona leo mbuzi mnadani. Wengine walikamatwa na manowari za Waingereza ndani ya majahazi yaliyokuwa yakiwasafirisha kwa siri, wakakabidhiwa misheni. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Barghash. Kwa watoto waliokwisha kuletwa pwani, mwaka huo ulikuwa umechelewa.

Wengi walitoka mbali, pande za Ziwa Nyasa na zaidi ya hapo. Walitembea miezi hadi baharini. Mtoto wa miaka minane aliyefika Bagamoyo hakuweza kumwambia mtu njia ya kurudi kwao, maana hakuijua. Mwenzake wa kitanda cha pili alisema lugha nyingine kabisa. Wakajifunza Kiswahili pamoja, na Kiswahili kikawa lugha ya kwao, ndugu zangu, kwa sababu hapakuwa na kwao pengine.

Siku za juma ziliongozwa na kengele. Kengele ya sala, kengele ya darasa, kengele ya shamba. Wavulana walifundishwa useremala, uashi na uhunzi. Wasichana walilelewa na masista, Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion. Wote walilima. Minazi ile mirefu mnayoiona, na njia yenye miembe pande mbili, ni jasho la watoto hao. Kulikuwa hata na bendi ya tarumbeta: mwandishi Henry Stanley alipopita mwaka 1871 akielekea bara kumtafuta Livingstone, alikaribishwa chakula misheni na wavulana wakampigia muziki. Mwaka uliofuata, Aprili 1872, tufani kubwa ilipiga Zanzibar na pwani hii, ikaangusha majengo ya misheni. Wakajenga upya. Mnara wa kanisa la zamani ambao mnaweza kuuona mpaka leo ni wa mwaka huohuo, 1872, na ndimo mwili wa Livingstone ulimolazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kutoka bara. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Sasa watoto hukua. Mapadre walipoona wavulana wameota ndevu, waliwaoza na wasichana waliolelewa na masista. Kila mume na mke wakapewa kibanda katika kijiji cha misheni, jembe, na kipande cha ardhi.

Hapa nataka tukae kidogo.

Ninyi mmekwenda harusini. Mnajua kelele zake. Kuna posa, kuna mahari, kuna wajomba wanaobishana, kuna somo anayemfunda bibi harusi siku nzima mlango umefungwa, kuna mashangazi wanaopiga vigelegele mpaka sauti inakauka. Harusi kwetu ni koo mbili zinazokutana. Sasa wazieni bibi harusi wa Bagamoyo mwaka 1875. Nani atapokea mahari yake? Nani atamwambia mumewe, huyu ni mtoto wetu, ukimpiga tutakuja? Hana shangazi. Mume naye hana mjomba. Wawili hawa hawana ukoo hata mmoja, wana majina ya watakatifu waliyobatizwa nayo, na wana jembe.

Wengine hawakuyavumilia maisha yale. Walisema: tumekombolewa, mbona bado kengele inatuamuru? Wakatoroka. Mimi siwalaumu, nanyi msiwalaumu. Mtu aliyewahi kununuliwa ana haki ya kuuliza uhuru wake unaishia wapi. Lakini wengi walibaki, wakalima, wakazaa, na katika hao wakachaguliwa wa kutumwa mbele.

Maana mapadre hawakutaka kukaa pwani tu. Mwaka 1877 walianzisha misheni mpya Mhonda, chini ya milima ya Nguu, huko Morogoro, upande wa Turiani. Na hawakwenda peke yao. Waliwapeleka baadhi ya wanandoa wa kijiji cha Bagamoyo wakaishi Mhonda, ili wenyeji waone kwa macho yao jinsi mume na mke Wakristo wanavyoishi. Padre alihubiri kwa maneno. Hawa walitumwa wahubiri kwa kupika, kulima, kulea na kuuguza. Kwa hiyo nikisema wamisionari wa Bagamoyo, mimi nawahesabu na hawa.

Tuwafuate basi wawili kati yao katika safari yao. Majina yao hayako kwenye jiwe, kwa hiyo tuwaite Baba na Mama. Barabara hakuna. Punda na ng'ombe hawafai sana, kwa sababu ya mbung'o. Mwaka mmoja kabla, Mwingereza Roger Price alikuwa amejaribu kufungua njia kutoka Saadani, hapo kaskazini yetu, kwa kutumia ng'ombe, na waliomfuata mwaka 1877 kwa magari ya kukokotwa waliwaona ng'ombe wao wakifa mmoja baada ya mwingine. Mdudu mdogo kuliko ukucha wako wa kidole gumba aliamua kwamba Afrika Mashariki itabebwa vichwani na mabegani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Mama naye ana wake: sufuria, mbegu, na mtoto mgongoni.

Kwanza wanaufikia mto Ruvu, ambao chini huku wafanyabiashara waliuita Kingani. Hauko mbali na mji, lakini ndio mlango wa bara. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa nguvu, na kwenye kingo kuna viboko. Msidanganywe na umbo la kiboko. Anaonekana mvivu, lakini mtumbwi ukipita juu ya mgongo wake anaupindua. Kuvuka ni kwa mtumbwi wa gogo lililochongwa, na mwenye mtumbwi ndiye bwana wa mto: Stanley alipofika hapa alimkuta mvushaji aitwaye Kingwere. Mnaingia wachache wachache, mnachuchumaa, hampigi kelele. Mara ya mwisho Mama kuvuka mto kama huu alikuwa mtoto, yumo katika msafara unaokwenda baharini. Sasa anavuka kwa kurudi bara. Nadhani alilishika jembe kwa nguvu.

Ng'ambo ni Ukwere, kisha nchi ya Wadoe na Wazigua. Msafara hutembea alfajiri, jua likikaza hupumzika. Kilomita 15 kwa siku ni mwendo mzuri. Usiku moto hauzimwi. Mkitaka kujua sababu, nendeni Saadani, ambayo tangu 2005 ni Hifadhi ya Taifa: simba na tembo wangali wanatembea hadi yanakosikika mawimbi ya bahari, na mto Wami unapita humo na mamba wake. Mto huohuo Wami, juu zaidi, ndio uliokuwa mbele ya Baba na Mama. Mvua ikiwa imenyesha, mnangoja maji yapungue, na huku mnakula akiba.

Juma la kwanza likaisha bado wako njiani. Kisha siku moja asubuhi milima ikajitokeza, ya buluu kwanza, halafu ya kijani.

Mhonda kulikuwa na kazi tangu siku ya kufika. Kukata miti, kujenga, kupanda kabla mvua haijapita. Wazieni Mama analima, na majirani wamesimama pembeni wakimtazama. Wanasikia anasema Kiswahili cha pwani. Wanauliza kabila lake, na jibu lake ni refu. Kesho yake mmoja anarudi na mtoto mwenye kidonda mguuni, maana amesikia kwamba wageni wana dawa. Mama anachemsha maji, anaosha kidonda, anafunga kitambaa kama masista walivyomfundisha. Mtoto analia, kisha ananyamaza.

Anakuja tena siku ya pili, na ya tatu. Na mtoto wa kijijini, wanangu, mnajua, hawezi kumwita mwanamke mtu mzima hivihivi kwa jina lake. Atatafuta neno la heshima, lile analomwitia dada wa baba yake. Siku ya nne anasimama nje ya kibanda, kidonda kimeanza kukauka, anabisha hodi na kuita: Shangazi.