Rafiki wa Kubadilishana Lugha Mtandaoni: Mjue Kwanza Kabla ya Kumpa Nambari Yako

Kiingereza tumekisoma tangu darasa la kwanza, lakini mtu akikupigia simu kutoka ng'ambo kwa ajili ya mahojiano ya kazi, ulimi unakauka. Kusoma ni kitu kimoja, kuongea ni kingine. Njia moja ya kuulegeza huo ulimi bila kulipa karo ni kutafuta mtu mtandaoni ambaye anataka kile ulicho nacho wewe. Wewe unampa Kiswahili, yeye anakupa Kiingereza. Programu kama HelloTalk na Tandem zimetengenezwa kwa kazi hiyo hasa: unaandika lugha unayoijua na ile unayojifunza, kisha unaonyeshwa watu wanaokufaa.

Pengine unajiuliza kampuni ya kutuma pesa inaingiliaje mambo ya lugha. Ni hivi: urafiki wa aina hii huanza kwenye programu, lakini mwishowe mtu huomba nambari ya simu. Na hapa Kenya nambari ya simu si ya kupiga tu. Ndiyo akaunti yako ya pesa.

Kiswahili chako ni mtaji

Watu wengi hujidharau hapa. Wanafikiri wanaenda kuomba msaada. La! Kiswahili kinafundishwa SOAS kule London, Leipzig kule Ujerumani, na Chuo Kikuu cha Osaka nchini Japani. Wanafunzi hao wana vitabu na walimu, lakini hawana mtu wa kuwaambia kwa nini makanga anasema "beba beba" gari likiwa limejaa tayari. Wewe unaye huyo mtu: ni wewe.

Jiandae tu kwa maswali. Atakuuliza kwa nini kitabu ni "changu" na meza ni "yangu", na hapo ndipo utagundua kwamba hujawahi kujiuliza. Si lazima ujue kanuni. Mpe mifano mitano, ataiona mwenyewe. Pia mwambie mapema ni kipi Kiswahili cha vitabuni na ni kipi Sheng, asije akaandikia mwalimu wake insha ya mtaa.

Kitu cha kuelezana siku ya kwanza kabisa ni saa. Ukimwambia "tuongee saa tatu usiku", yeye anaweza kuweka kengele ya saa tisa usiku, kwa sababu kwao tatu ni tatu. Andika 21:00, na uongeze kwamba ni saa za Nairobi. London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi, kwa sababu wao hubadilisha saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Sisi hatubadilishi. Wiki hizo mbili ndizo watu hukosana kwenye simu na kila mmoja kudhani amepuuzwa.

Nusu saa inavyotumika

Gawanyeni muda. Dakika 15 Kiingereza, dakika 15 Kiswahili, na muweke kengele ya simu. Bila kengele, mazungumzo huhamia kwa ile lugha ambayo mmoja wenu ni hodari zaidi, na mwingine anatoka bila kitu. Mwambie asikukatize kila ukikosea. Aandike makosa matatu makubwa akutumie mwishoni. Makosa 20 kwa siku moja yanavunja moyo, na kesho hutakumbuka hata moja.

Makosa yetu mengine yanatoka moja kwa moja kwa lugha zetu, kwa hivyo yanaweza kutabirika. "Yeye" hana jinsia, ndiyo maana mtu huanza hadithi ya dada yake kwa "she" na kuimaliza kwa "he". Tunasema "sorry" mtu akijikwaa, kwa sababu tunamaanisha pole. Mwingereza anashangaa umefanya kosa gani. Tunasema "I'm coming" huku tunatoka mlangoni. Na kukopa na kukopesha kwa Kiingereza ni maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, "borrow" na "lend", kwa hivyo "borrow me 200" haieleweki. Hilo la mwisho linafaa kulijua vizuri ukijaza fomu ya mkopo.

Mazoezi yakiwa na lengo yanakuwa bora. Tuseme wewe ni muuguzi Kakamega na unataka kufanya kazi Uingereza. Sehemu ya kuongea ya mtihani wa IELTS huchukua dakika 11 hadi 14. Katikati unapewa kadi yenye mada, unajiandaa kwa dakika 1, kisha unaongea peke yako hadi dakika 2. NMC, bodi inayosajili wauguzi kule, inataka alama 7 katika kuongea. Dakika mbili ukiwa peke yako ni ndefu sana kama hujazoea. Mwombe mwenzako akuchagulie mada bila kukuonya, aweke saa, anyamaze. Rudieni kila wiki.

Kuhusu bando: jumbe za sauti hula data kidogo kuliko simu ya video, na una nafasi ya kujisikiliza kabla ya kutuma. Anza nazo.

Kumjua mtu usiyemwona

Wiki mbili au tatu za kwanza, bakini ndani ya programu. Hakuna haja ya kukimbilia WhatsApp. Anayejifunza lugha kweli utamjua kwa kuwa anakosea. Anajaribu Kiswahili, anakuuliza tofauti ya "nimekula" na "nilikula", anakumbuka neno la wiki iliyopita. Asiyejifunza anakuita mpenzi siku ya pili na hajaandika hata "habari yako". Kwangu mimi hiyo ni dalili kubwa kuliko picha.

Kabla ya kumwamini kwa lolote, zungumzeni kwa sauti moja kwa moja, si kwa ujumbe uliorekodiwa. Anayedai anatoka Texas lakini kamera yake na maikrofoni yake vimeharibika kila siku kwa mwezi mzima, muache.

Ukimpa nambari uliyoisajilia pesa, ujue umempa zaidi ya nambari. Mtu akianza kukutumia pesa, huenda akaliona jina lako la usajili kabla hata hajabonyeza kukubali. Jina kamili na nambari ya simu ni mwanzo mzuri kwa mtu anayetaka kujifanya wewe. Kama una laini ya pili isiyo na akaunti ya pesa, tumia hiyo. Picha ya kitambulisho usitume kwa yeyote, hata akitanguliza chake. Chake kinaweza kuwa cha mtu mwingine.

Pesa zikiingia kwenye mazungumzo

Kuna hadithi zinazojirudia. Ya kwanza ni zawadi. Amekutumia simu na manukato, sasa mzigo umekwama uwanja wa ndege na "afisa" anakupigia akitaka shilingi elfu kadhaa za ushuru kwa nambari yake. Ushuru wa forodha unalipwa KRA, kwa nambari rasmi ya malipo inayotolewa na mfumo wao. Hauendi kwa simu ya mtu binafsi, awe amevaa sare ama hajavaa.

Ya pili ni nambari ya uthibitisho. "Nimekosea, nimetumia nambari yako kujisajili, nitumie zile tarakimu 6." Hizo ni za kufungua WhatsApp yako. Ukizituma, dakika chache baadaye shangazi na wenzako wa chama wataombwa pesa kwa jina lako.

Ya tatu ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu haionekani kama wizi. Hakuombi chochote. Anasema ana mteja Kenya, akupitishie pesa kwa laini yako, wewe utume mbele ubaki na kidogo kwa usumbufu. Sheria yetu ya mwaka 2009 dhidi ya utakatishaji wa fedha haitamtafuta rafiki yako wa Texas. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako ndiyo itakayoonekana kwenye rekodi, na wewe ndiwe utakayeitwa kueleza pesa zilitoka wapi.

Kuna pesa halali pia. Mwenzako akipenda unavyomfundisha, anaweza kutaka kukulipa kwa saa, na hilo ni jambo jema. Anachohitaji ni jina lako na nambari yako. Kupokea pesa hakuhitaji PIN, hakuhitaji nambari ya uthibitisho, wala "ada ya kufungua malipo". Pesa zikifika, angalia salio lako mwenyewe badala ya kuamini meseji uliyoonyeshwa. Meseji ya kughushi huandikwa vizuri siku hizi.

Na sisi pia tujichunge. Kuna wageni wameacha kujifunza na Wakenya kwa sababu wiki ya pili waliombwa nauli. Mtu amekuja kutafuta Kiswahili, usimpe bili.

Kama umeshatuma na moyo unakwambia kuna kitu hakiko sawa, piga huduma kwa wateja saa hiyo hiyo ukiwa na nambari ya muamala. Pesa ambazo hazijatolewa kwa wakala zina nafasi ya kuzuiwa. Zikishatolewa, kazi inakuwa ngumu. Usifute mazungumzo hata kama yanakuaibisha. Piga picha za skrini, nenda kituo cha polisi uandikishe, uondoke na nambari ya OB, kisha uripoti akaunti yake ndani ya programu ili isimfikie mwingine.