Unataka Kuchora Laini za Parking? Soma Hii Kabla Hujafungua Mkebe wa Rangi

Cheki hii. Ni Jumamosi ya end month, unaingia parking ya supamaketi na hakuna laini hata moja inaonekana. Prado imekaa katikati ya nafasi mbili, Probox imeziba njia ya kutoka, na kuna msee amepark pale ramp ya viti vya magurudumu. Kila mtu anapiga honi na askari wa geti amechoka kupuliza firimbi.

Sasa hiyo noma yote inaweza kutulizwa na rangi, kamba na stensili kadhaa. Na kwa vijana wenye wanatafuta kazi, hapo kuna doo. Mall, kanisa, hospitali, shule na apartment zote zina parking, na rangi huisha. Shida ni wasee wengi wanaingia hii kazi wakidhani ni kupaka tu. Mwezi mmoja baadaye rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka, mteja anakupigia, na unarudi kufanya kazi upya kwa pesa yako. Ndio hiyo isikupate, fuata hizi hatua.

1. Piga hesabu kwanza

Nafasi ya gari moja ya kawaida huwa karibu mita 2.5 kwa upana na mita 5 kwa urefu. Kama magari yanaingia yakiwa yamenyooka, acha njia ya karibu mita 6 nyuma yao ndio dereva apate nafasi ya kukata kona bila kugusa mtu.

Hapa ndipo wengi huchomeka: magari 20 kwa mstari mmoja hayahitaji laini 20. Yanahitaji 21, kwa sababu kila upande wa mwisho lazima ufungwe. Laini moja ya mita 5 yenye upana wa sentimita 10 ni nusu mita mraba. Laini 21 ni mita mraba 10.5, na ukipaka mara mbili ni 21. Kama mkebe umeandikwa lita moja inafunika mita mraba 4, basi unahitaji zaidi ya lita 5. Ukinunua mkebe mmoja wa lita 4, utakwama saa nane usiku na hardware zote zimefungwa.

2. Rangi ya nyumba si rangi ya barabara

Usijaribu kuokoa pesa na emulsion ya ukuta. Tairi ikizunguka hapo hapo huku stering imekatwa, inasaga. Itisha rangi ya barabara, ile imetengenezewa lami na zege. Nyingine ni za maji, nyingine zinahitaji thina. Hizo za thina zina mvuke mkali na zinashika moto haraka, kwa hivyo vaa maski na usikubali mtu avute sigara karibu. Kwa parking ya chini ya jengo, hakikisha hewa inapita.

Ukitaka laini zing'ae usiku, kuna shanga ndogo za glasi ambazo humwagwa juu ya rangi ikiwa bado mbichi. Zikishika, zinarudisha mwanga wa taa za gari kwa dereva. Ukichelewa rangi ikauke, hizo shanga zitafagiliwa kesho asubuhi.

3. Safisha mpaka uchoke

Hii ndio hatua watu huruka, na ndio huamua kama rangi itakaa. Rangi haishiki sakafu, inashika chenye kiko juu ya sakafu. Kama ni vumbi, itaondoka na vumbi. Fagia, osha, na pale mafuta ya injini yamedondoka sugua na sabuni ya kuondoa grisi mpaka maji yasitengeneze matone juu yake. Kisha acha pakauke kabisa.

Lami mpya nayo ipe wiki kadhaa kabla ya kupaka. Mafuta yake bado yanapanda juu, na laini nyeupe itageuka kahawia. Kwa cabro, toa mchanga uliolegea na ng'oa nyasi kwenye viungo.

Kama mteja anabadilisha mpangilio, usifunike laini za zamani na rangi nyeusi. Hiyo nyeusi ikilika, zile za kale zinarudi, na usiku wa mvua dereva hajui afuate gani. Zikwanguliwe na mashini.

4. Kamba haidanganyi, macho yanadanganya

Piga laini moja ndefu ya msingi kwa kamba yenye chaki. Kupata kona iliyonyooka, tumia hesabu ya mafundi wa mjengo: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya hizo ncha mbili lazima upate mita 5. Ukipata tofauti, kona yako imelala.

Ukiweka alama za nafasi, usipime 2.5, uhame, upime 2.5 tena. Kosa la sentimita 2 kila mara, likirudiwa mara 20, linakuwa sentimita 40. Lalisha tepu mara moja kutoka mwanzo na uweke alama kwa 2.5, 5, 7.5, 10, hivyo hivyo mpaka mwisho.

5. Stensili sasa

Unaweza kukatiwa na fundi wa mabango au ujikatie kwa karatasi ngumu ya plastiki au bati jembamba. Kumbuka herufi kama O, A, R na P zina tumbo. Usipoacha daraja ndogo za kushikilia hilo tumbo, litaanguka, na NO PARKING yako itakuwa na mashimo yamejaa rangi.

Weka stensili, ikandamize na mawe au mtu asimame pembeni, kisha paka. Siri ni rangi kidogo kwa rola iliyokamuliwa. Ukilowesha sana, rangi itapenya chini na herufi zitavimba. Paka mara mbili nyembamba badala ya mara moja nzito. Inua stensili ikienda juu moja kwa moja, usiivute. Futa upande wa chini kabla ya kuiweka pengine, ama utaacha alama za vidole vya rangi kila mahali.

Na tafadhali, simama mahali dereva atatokea kabla ya kupaka. Maneno na mishale inasomwa na mtu anayeingia, si na wewe uliyeinama. Kenya tunaendesha kushoto, kwa hivyo mshale wa kuingia ukae upande wa kushoto wa anayeingia. Mshale mmoja ukigeuka, magari mawili yanakutana uso kwa uso.

6. Ile nafasi ya buluu si mapambo

Hapa usicheze. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia maeneo yote inavyostahili. Ile alama ya kiti cha magurudumu ilichorwa mwaka wa 1968 na Susanne Koefoed, mwanafunzi kutoka Denmark. Mwanzoni haikuwa na kichwa, kikaongezwa baadaye.

Lakini alama peke yake haisaidii. Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji kufungua mlango wote, atoe kiti, kisha ahamie. Kwa nafasi ya mita 2.5 hilo haliwezekani. Ongeza kando ukanda wa angalau mita 1.2 wenye laini za mshazari, na uweke hiyo nafasi karibu na mlango na ramp. Mteja akikuambia uupunguze ndio apate gari moja zaidi, mwelezee: huyo mtu akipata pikipiki imepark kwenye ukanda huo, amefungiwa ndani ya gari lake. Au amefungiwa nje, akirudi na shopping kwa mvua.

7. Funga eneo, kisha ngoja

Fanya kazi usiku au siku biashara imefungwa, na ugawanye parking vipande. Weka koni na tepu. Angalia hali ya hewa, hasa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kwa sababu mvua moja inaosha kazi yote. Rangi kukauka kwa kidole si kukauka kwa tairi, kwa hivyo soma muda ulioandikwa kwa mkebe na uheshimu.

Mwisho, piga picha kabla na baada, na uandikiane na mteja ni laini ngapi, alama ngapi, na nani anafunga geti usiku huo. Gari likipita kwa rangi mbichi saa kumi na moja asubuhi, hiyo karatasi ndio itasema nani analipa.

Sasa hesabu laini zako tena. Na usisahau ile ya 21.