Kutoka Gazetini Hakutoshi

"Wakili, kanuni ikishatoka kwenye Gazeti la Serikali si imekuwa sheria, mambo yamekwisha?" Swali hili nimeulizwa Kanduyi, Webuye hadi Kitale. Mambo hayajakwisha, na mabroka wanaokaa nje ya afisi za usajili wanawatoza watu pesa kwa imani hii.

Gazeti linatangaza tu. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, kifungu cha 11, inataka kanuni ifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Isipofikishwa, muda ukiisha nayo imekufa, hata kama ina muhuri na nambari ya tangazo. Na hata ikifika, Bunge linaweza kuibatilisha.

Isitoshe, ichapishwe mara kumi, kanuni haiwezi kuishinda sheria iliyoizaa. Ibara ya 94 ya Katiba inaitaka sheria inayompa mtu mwingine uwezo wa kutunga kanuni ieleze kusudi na mipaka ya uwezo huo. Chukua wabia wawili wenye kinu cha kusaga mahindi pale Chwele. Sheria ya Ubia ya 2012 inawatambua kuwa wabia kwa kuwa wanafanya biashara pamoja wakitafuta faida. Jina la kinu ndilo linalosajiliwa, tena kwa sheria nyingine, Sura ya 499. Kanuni inaweza kupanga fomu na utaratibu wa kusajili jina hilo. Kutamka kwamba bila cheti hakuna ubia, haiwezi. Ule ubia wa dhima yenye kikomo, wa sheria ya 2011, huzaliwa kwa usajili kweli. Lakini sheria hiyo haikuweka kima cha chini cha mtaji, basi kanuni isikuletee. Adhabu za kanuni nazo zina dari: faini isizidi shilingi 20,000, kifungo kisizidi miezi sita.

Ukidaiwa sharti jipya, omba nambari ya tangazo. Soma kifungu kinachotajwa juu yake. Sheria zote ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Muulize Karani wa Bunge kwa barua kama kanuni iliwasilishwa. Andikia msajili, peleka ombi Bungeni, au njoo Mahakama Kuu, ipo hapa hapa Bungoma. Usiipuuze kanuni kimyakimya: ukilazimika kulipa, andika kwamba unalipa ukipinga, kwa sababu yaliyotendeka kabla kanuni haijafa sheria inayalinda.