Tanga la Mbele Linapogoma Kujikunja

Kusi likichacha, nahodha wa mashua ya kisasa hana haja ya kumtuma baharia omo akalishushe tanga la mbele. Huvuta kamba moja akiwa tezini, na tanga likajiviringisha lenyewe. Kifaa cha kazi hiyo cha Wykeham-Martin, kilichobuniwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, kililikunja tanga lote au kulikunjua lote. Vya leo huweza kulipunguza kwa kadiri ya upepo.

Waya unaoshikilia mlingoti kutoka omo huvikwa bomba la alumini lenye mfuo, ambamo ukingo wa tanga hupachikwa. Chini kuna ngoma ya kamba inayolizungusha bomba. Juu kuna kiungo chenye beringi: nusu iliyoshika tanga huzunguka, nusu iliyofungwa henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, hutulia.

Matatizo makubwa huanzia huko juu.

Henza ikishuka sambamba na bomba, msuguano mdogo wa beringi hutosha kuiburuta hadi ijisokote. Kamba iliyo mkononi huwa nzito ghafla. Anayekimbilia winchi wakati huo huweza kulipinda bomba, hata kukata nyuzi za waya unaozuia mlingoti usiangukie nyuma. Ndiyo maana kampuni ya Harken, inayotengeneza vifaa hivi, hutaka henza iachane na bomba kwa digrii 8 hadi 10. Tanga likiwa fupi, huongezewa kipande cha waya kichwani ili kiungo kifike karibu na ncha ya bomba.

Mnunuzi azichunguze pia beringi. Kampuni ya Profurl hutumia za chuma, zilizozibwa pamoja na grisi yake. Harken hutumia gololi za plastiki ngumu ya Torlon, ambazo huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na hazipakwi grisi, kwa kuwa grisi hunasa mchanga.

Kwenye hori la Kilifi, ambako mashua za wageni hutia nanga, adui mwingine ni jua. Tanga lililokunjwa hulindwa na ukanda wa kitambaa kizito ulioshonewa ukingoni, lakini uzi wa mshono huoza kabla ya kitambaa. Ukikwaruzwa kwa ukucha ukakatika, ushonwe upya.

Tanga likishakunjwa lote, ngoma ibakiwe na mizunguko kadhaa ya kamba, kwani upepo mkali hulikaza tanga na kudai kamba zaidi. Kabla ya kila msimu, mtu mmoja azungushe ngoma taratibu huku mwenzake akitazama kileleni kwa darubini: henza ikitikisika kuufuata mzunguko, safari isubiri.