Saratani ya Mlango wa Kizazi: Mama Kijana, Uliza Kabla ya Mionzi

Mwezi huu nazungumza na akina mama ambao bado wanapata hedhi, pamoja na waume zao.

Mama mmoja wa miaka 34 alirudi kwetu miezi michache baada ya kutibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi. Alidhani ana malaria sugu: usiku jasho, usingizi hapati, na tendo la ndoa limekuwa maumivu. Mumewe alidhani amemchoka. Kipimo hakikuonyesha malaria. Mama huyo alikuwa amekoma hedhi, naye hakujua.

Kwa nini? Mwanamke ana vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande wa mji wa mimba. Hutoa mayai, na pia vichocheo vinavyoleta hedhi na kulinda mifupa. Mionzi inayoelekezwa nyongani kuua saratani huua na vifuko hivyo.

Je, vinaweza kuokolewa? Mara nyingine, ndiyo. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, daktari anaweza kuondoa mji wa mimba kwa upasuaji na kuviacha vifuko. Kama mionzi inahitajika, vifuko vinaweza kupandishwa juu tumboni pamoja na mishipa yake ya damu, mbali na njia ya mionzi. Hilo hufanywa kabla mionzi haijaanza. Halimfai kila mgonjwa, halifanikiwi kila mara, wala halipatikani kila hospitali. Tena haliwezeshi kubeba mimba, kwani mionzi huharibu mji wenyewe.

Kwa hiyo unapopewa rufaa kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, mwulize daktari: "Vifuko vyangu vya mayai vitakuwaje?" Uliza, lakini usiahirishe matibabu. Uhai kwanza.

Na kama vimekwisha kufa, usikate tamaa. Zipo dawa za vichocheo, na kwa aina ya saratani hii iliyo ya kawaida zaidi, haziamshi ugonjwa. Mama yule alielekezwa kwa daktari. Mumewe naye aliitwa akaelezwa. Waliondoka pamoja.

Wazazi, binti afikapo miaka 9 apate chanjo, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Akina mama, nendeni mkapimwe kwa siki. Ni dakika chache tu. Ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, usingoje mavuno yaishe. Njoo mapema.