Kitako cha Mota ya Mashine ya Kusaga

Wekeni daftari na kalamu karibu, maana leo kuna hesabu.

Ukiwa Samuye, au kijiji kingine cho chote cha Shinyanga, waijua mashine ya kusaga. Akina mama huleta mahindi na mtama, na watoto hubeba ndoo. Zamani mashine nyingi ziliendeshwa kwa injini za dizeli. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo za umeme zimefika vijiji vingi. Basi wenye mashine wengi wameacha injini, wakanunua mota.

Hapo ndipo shida huanza. Mota ni ndogo kuliko injini, na matundu ya miguu yake hayalingani na bolti za zamani zilizomo katika zege. Fundi mwenye haraka huiweka juu ya gogo na kuifunga kwa waya. Mota ikitikisika, mkanda huruka, nao waweza kumpiga mama aliyesimama karibu na ndoo yake. Dawa yake ni kitako, yaani meza fupi ya chuma iliyotengenezwa kwa kipimo cha mota hiyo hiyo.

Kwanza pima. Mota ina kibati chenye maandishi; kisome. Tuseme kimeandikwa 132M. Namba 132 ni urefu wa milimita kutoka chini ya miguu mpaka katikati ya shafti. Matundu ya miguu ya mota hiyo yameachana milimita 216 kwa upana na 178 kwa urefu. Lakini usiamini kibati peke yake, pima mwenyewe. Kupata katikati ya tundu kwa macho ni vigumu. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja mpaka ukingo wa kushoto wa tundu la pili. Kama matundu ni sawa kwa ukubwa, jibu ni lile lile.

Sasa kata vyuma vya pembe, uvichomelee viwe fremu, na juu yake weka bamba nene. Moto wa kuchomelea hupinda chuma. Kwa hiyo chomelea kwanza, toboa matundu baadaye. Tena usichomelee mota ikiwa juu ya kitako, kwani umeme wa kuchomelea waweza kupita katika beringi zake na kuziharibu.

Matundu ya bamba yasiwe ya duara. Yafanye marefu, kama sentimita 6, yaelekee kwenye kinu, ili mota iweze kusogezwa na mkanda kukazwa. Upande wa mota unaoelekea kinu weka bolti moja ndefu ya kuisukuma. Mafundi wengine huona bolti hiyo ni anasa, kisha kila wiki wanaisukuma mota kwa mtaimbo!

Kabla ya kukaza, chukua kipande cha bati jembamba, ujaribu kukipitisha chini ya kila mguu. Kikipita chini ya mmoja, mguu huo unaning'inia. Usiukaze kwa nguvu, maana miguu ya mota nyingi ni chuma cha kuyeyushwa, nayo huvunjika. Jaza nafasi hiyo kwa bati, ndipo ukaze.

Kisha vuta uzi kupita usoni pa puli zote mbili. Kama kingo zake zina unene mmoja, uzi uguse mahali panne. Usipogusa, sogeza mota.

Sasa hesabu, na hapa watu huumia. Injini ya zamani ya Lister ya nguvu za farasi 12 huzunguka mara 650 kwa dakika. Tuseme puli yake ni inchi 20, na ya kinu ni inchi 5. Zidisha 650 kwa 20, gawanya kwa 5, utapata 2600. Mota ya kawaida huzunguka kama mara 1450. Ukiihamishia puli ile ile ya inchi 20, kinu kitazunguka mara 5800! Nyundo za ndani zaweza kukatika na kutoboa kifuniko. Mwambie fundi wa kukereza chuma akufanyie puli ya inchi 9. Kinu kitazunguka mara 2610.

Wachimbaji wa dhahabu upande wa Geita wana karasha za kusaga mawe, na kitako chake hutengenezwa kwa njia hii hii. Ila pipa la karasha huzunguka polepole, kwa hiyo puli ndogo hukaa kwenye mota na kubwa kwenye pipa.

Nyaya mwachie fundi umeme mwenye leseni. Wewe funika mkanda na puli kwa kikinga cha wavu wa chuma, kilichofungwa kwa bolti. Mkanda mpya hulegea. Baada ya siku ya kwanza ya kusaga zima umeme, ukaze nati na mkanda tena.

Andikeni hesabu hii. Mota huzunguka mara 1450. Puli yake ni inchi 8, ya kinu ni inchi 4. Je, kinu kitazunguka mara ngapi kwa dakika?